Barua ya wazi kwa mabenki ya Uingereza: namba ya siri mnayoniomba inamlinda nani?

Kwa: Wakurugenzi wa mabenki yanayotoa kadi za malipo nchini Uingereza

Nakala: FCA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa kampuni za fedha, London

YAH: KUDAIWA NAMBA YA SIRI KATIKA MALIPO YA KUGUSISHA KADI

Waheshimiwa,

Naomba niseme bila kuzunguka kwamba nimechoka.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kulalamika kwayo bila kumung'unya maneno. Sisi tunaoizungumza hapa Uingereza, Leicester, Northampton, Birmingham na London ya mashariki, ni wateja wenu kama wengine. Mishahara yetu inapita kwenu, kodi za nyumba zinapita kwenu, na fedha tunazotuma nyumbani zinaanzia kwenu. Tena siku hizi hakuna pa kuwakimbia. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014, na mkahawa ulioandika mlangoni kwamba haupokei noti wala sarafu hauvunji sheria yoyote ya nchi hii. Kadi ikigoma, mtu hanunui.

Na kadi inagoma. Fedha zipo, ila nimegusisha mara nyingi mno. Mashine inalia ile sauti nyingine, kioo kinaniambia niingize kadi, naingiza, nabonyeza namba nne, nasubiri, na walio nyuma yangu wanaanza kupumua kwa nguvu. Kadi yenyewe ina ile alama ya vimistari vinne vilivyopinda, alama mliyotuzoesha kuiamini tangu kadi za kwanza za aina hii zilipotoka hapa mwaka 2007, wakati ukomo ulikuwa pauni 10. Mkaupandisha hadi 15, 20, 30, kisha 45 Aprili 2020 korona ilipotutia hofu ya kugusa vitufe, na Oktoba 2021 ukafika 100. Kila mlipoupandisha mlituambia ni kwa ajili ya wepesi wetu.

Kwa msomaji asiyejua kinachoendelea ndani ya mashine, mambo yako hivi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Septemba 14, 2019 zilitaka mteja athibitishwe kwa njia imara anapolipa kwa kadi. Malipo ya kugusisha yakasamehewa, lakini kwa masharti. Muamala mmoja usizidi kiasi fulani, na benki ichague kipimo kimoja kati ya viwili: ama jumla ya fedha zilizogusishwa tangu namba ya siri ilipotumika mara ya mwisho, ama idadi ya miamala mfululizo, ambayo haipaswi kuzidi mitano. Uingereza ilipotoka katika Umoja ilizibeba kanuni hizo. Mwaka 2021 FCA ilipandisha viwango: pauni 100 kwa muamala mmoja, pauni 300 kwa jumla. Ile tano haikuguswa.

Sasa hoja zangu.

1. Hesabu yenu haimwoni mwizi. Benki iliyochagua kuhesabu miamala hupitisha mitano, na kwenye wa sita inadai namba ya siri. Haijali muamala una thamani gani. Mtu akinunua kwa nyakati tofauti maziwa, mkate, chai ya kituoni, gazeti na betri za saa ya ukutani, huenda hata pauni 15 hajafikisha, na kadi yake imekwisha kufika ukingoni. Mwizi aliyeiokota kadi hiyo mara tu baada ya mwenyewe kubonyeza namba ya siri anaweza kuingia maduka matano na kuchukua vitu vya pauni 100 kila duka. Hizo ni pauni 500 kabla mashine haijamuuliza yeye ni nani. Kwa benki iliyochagua kipimo cha jumla, atapata 300. Kwa hiyo kanuni inayotetewa kwa jina la mwizi inambana zaidi yule anayenunua kidogo kidogo. Na anayenunua kidogo kidogo, hapa na kwetu pia, ni yule ambaye hana uwezo wa kujaza toroli la wiki nzima kila Jumamosi.

Msinijibu kwamba hamna njia nyingine. Mnayo mitambo inayotazama miamala inavyopita, na inaijua saa ninayokunywa chai kuliko anavyoijua mke wangu. Nikinunua kitu cha ajabu mtandaoni, ujumbe unanifikia papo hapo kuuliza kama ni mimi. Tena nyinyi wenyewe mnajua kwamba wizi mkubwa wa kadi katika nchi hii unafanyika mbali na duka, pale mtu anapotumia namba za kadi ya mwenzake kununua kwa intaneti au kwa simu. Mitambo yenye akili mmeiweka huko. Sisi wa dukani mmetuachia kuhesabu hadi tano.

2. Hamsemi. Sijawahi kuona mahali, kwenye kadi, kwenye taarifa ya akaunti wala kwenye programu ya simu ya benki yangu, palipoandikwa kwamba nimebakiza miamala miwili. Mashine inakataa tu. Na kwenye baadhi ya vioo neno linalotokea ni kwamba muamala umekataliwa, neno lile lile linalotokea mtu asipokuwa na salio. Mhudumu analiona, na aliye nyuma yangu analiona. Kwa mtu mweusi mwenye lafudhi ya kigeni katika duka la mji mdogo, sekunde zile zina uzito ambao pengine hauonekani kutoka ghorofa mnazofanyia kazi. Nimemwona mama wa makamo akirudisha vitu rafuni kwa kudhani mshahara haujaingia.

3. Mmetugawa kwa simu zetu. Anayelipa kwa simu janja haulizwi namba ya siri ya kadi hata siku moja, hata akigusisha mara hamsini. Simu imeshamthibitisha kwa kidole au kwa uso, nanyi mmekubali uthibitisho huo. Sina ugomvi na jambo hilo, ni busara. Ugomvi wangu ni kwamba matokeo yake hesabu ya tano imebaki kuwa adhabu ya watu wa plastiki: wazee, wenye simu za vitufe, wenye simu iliyopasuka kioo wanaosubiri mwisho wa mwezi, na wafanyakazi wa viwandani, maghalani na majumba ya kutunzia wazee ambao simu zao huachwa kabatini zamu inapoanza. Ndiyo maana lalamiko hili nimelisikia zaidi kwa watu wangu. Tazameni nani anafanya kazi hizo usiku.

4. Pale ambapo foleni ingewaumbua, mmesamehe. Mashine za nauli na za maegesho zisizo na mhudumu hazibanwi na kanuni hii. Mageti ya treni za chini ya ardhi London yanapokea kadi za benki tangu Septemba 2014, na hakuna aliyewahi kusimamishwa getini saa mbili asubuhi abonyeze namba nne, maana kituo kizima kingefurika. Kadi iliyoibwa inaweza kupanda treni bila kuulizwa chochote. Siwalaumu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba mlipotaka kuamua kwamba kugusisha ni salama vya kutosha mliamua, na dunia haikuanguka.

5. Mashine zisizo na tundu. Hili ni la kiufundi, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Katika nchi kadhaa za bara la Ulaya, ukigusisha kadi na namba ya siri ikahitajika, unaibonyeza hapo hapo na mambo yamekwisha. Kadi za hapa zilijengwa kwa mtindo mwingine: namba ya siri hukaguliwa na chipu ya kadi yenyewe, kwa hiyo kadi lazima iingizwe kwenye tundu. Kwa duka lenye mashine kamili huo ni usumbufu wa nusu dakika. Lakini mmeruhusu nchi ijae mashine zisizo na tundu wala vitufe: za kuuza maji na biskuti, za kufulia nguo, za kahawa kwenye korido za hospitali. Hesabu yako ikifika mwisho mbele ya mashine ya namna hiyo, huna la kufanya. Namba unaijua, salio unalo, na mahali pa kuibonyeza hakuna. Mhudumu wa wodi anayetoka kuwageuza wagonjwa saa tisa za usiku, kantini imefungwa, anasimama mbele ya kioo akiitazama chupa ya maji. Benki yangu nilipoiuliza kwa simu afanye nini mtu huyo, nilijibiwa aende kwenye mashine ya kutolea fedha aingize kadi na namba yake, hesabu itaanza upya. Saa tisa za usiku.

6. Namba hiyo hiyo inageuzwa kuwa shahidi dhidi yetu. Kanuni za Huduma za Malipo za mwaka 2017 ziko wazi. Fedha zikitolewa bila idhini yangu, benki inapaswa kuzirudisha, na hasara yangu kwa kawaida haivuki pauni 35, isipokuwa mimi mwenyewe nimefanya udanganyifu au uzembe mkubwa. Kanuni hizo zinasema pia kwamba kumbukumbu ya kuonyesha kadi ilitumika haitoshi peke yake kuthibitisha kwamba ni mimi niliyeidhinisha. Hayo ndiyo maandishi. Mezani kwa afisa wa malalamiko hali hubadilika. Muamala ukiwa ni wa kugusisha, mazungumzo ni mafupi. Ukiwa ni wa namba ya siri, mteja anahojiwa kama mshtakiwa: uliiandika wapi, ulimpa nani, mwanao anaijua?

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha hadharani jinsi kadi iliyoibwa ilivyoweza kutumika kwenye mashine ya dukani bila mwizi kuijua namba ya siri, na risiti ikatoka ikisema namba imethibitishwa. Udhaifu ule ulikuwa kwenye mfumo, na mteja hakuwa na mkono ndani yake. Tangu hapo kila ninapoombwa namba najiuliza, katika mzozo utakaokuja, tarakimu hizi nne zitakuwa upande wa nani. Mnaposema mnaniomba namba ili kunilinda, nisameheni nikiwa na shaka.

7. Vidole na kumbukumbu. Mvumbuzi John Shepherd-Barron, ambaye mashine yake ya kutolea fedha ilizinduliwa Enfield, kaskazini mwa London, Juni 27, 1967, alisimulia mwenyewe kwamba alifikiria namba ya tarakimu sita, mkewe akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Nne zikabaki, na sehemu kubwa ya dunia inazitumia hadi leo. Kwa hiyo tangu mwanzo mtu aliwaza kuhusu kichwa cha mwanadamu. Leo namba inaombwa kwa kushtukiza, na kitu kinachoombwa kwa kushtukiza ndicho kinachosahaulika. Mara tatu ukikosea, imefungwa. Kwa asiyeona ni vibaya zaidi. Mashine za zamani zilikuwa na kinundu kwenye tarakimu ya tano ili kidole kipate njia, wakati mpya nyingi ni kioo kitupu. Kadi za chipu na sahihi, zisizohitaji namba ya siri, mnazo kwa ajili ya watu hao. Mbona hamzitangazi?

Hizo ndizo saba. Kabla sijafika kwenye maombi, naona jibu moja linakuja, na nimewahi kulisikia likitolewa kwa tabasamu: ninyi wa Afrika Mashariki mmezoea namba ya siri. Ni kweli. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, tulijifunza kubonyeza namba kwa kila muamala, hata wa fungu la nyanya, na hatukulalamika. Ndiyo maana tofauti naijua. Kwenye M-Pesa namba naibonyeza kwenye simu yangu, mkononi mwangu, na kabla ya kubonyeza naona namlipa nani na kiasi gani. Naombwa kila mara, hivyo siku zote nimejiandaa. Ninyi mnaniomba kwenye mashine ya mtu mwingine, kamera ya dukani ikiwa juu ya utosi wangu, kwa wakati mliouchagua bila kuniambia. Afadhali mngeniomba kila mara kuliko kuniomba kwa bahati nasibu.

Mwaka 2025 FCA ilipendekeza kwamba ule ukomo wa pauni 100 usiwe tena wa kanuni, bali mabenki yaamue yenyewe. Mjadala ukahamia hapo: je, iwe 150, iwe 200, isiwepo kabisa, wezi watafurahi kiasi gani? Mimi sina haja ya kugusisha pauni 200. Nina haja ya kugusisha pauni moja na ushee mara ya sita. Uhuru wa kupanga viwango mkiutumia kupandisha kima cha juu tu, mtakuwa mmemsikiliza mwenye toroli na kumwacha tena mwenye pakiti ya maziwa.

Ninachoomba ni haya, na hakuna hata moja linalohitaji kuvumbua kitu.

Kwanza, acheni kuhesabu idadi ya miamala. Tumieni jumla ya fedha, na muamala wa chini ya pauni 5 usihesabiwe kabisa mpaka mitambo yenu ione jambo la kutilia shaka. Pale ambapo kanuni inawazuia, iombeni FCA iibadilishe. Mlipotaka pauni 100 mlijua mlango wa kubisha.

Pili, nionyesheni nilipofika. Mstari mmoja kwenye programu ya simu, na ujumbe mfupi kwa asiye na simu janja: muamala ujao utahitaji namba ya siri. Na mashine iseme hivyo hivyo, "weka namba ya siri", isiseme umekataliwa.

Tatu, kila mteja apange ukomo wake mwenyewe. Baadhi ya benki tayari zinamruhusu mteja kuupunguza au kuzima kabisa kugusisha kupitia simu. Ifanyeni huduma hiyo ipatikane pia kwa kupiga simu na kwenye tawi, maana anayeihitaji zaidi ndiye asiye na programu yenu.

Nne, kadi mpya zitoke zikiwa na uwezo wa kugusisha kisha kubonyeza namba bila kuingiza kadi. Mpaka hapo, hakuna mashine isiyo na tundu inayopaswa kumkatalia mtu chupa ya maji kwa sababu ya hesabu. Mliweza kusamehe mageti ya treni, sameheni na korido za hospitali.

Tano, andikeni katika mikataba yenu, kwa maneno ambayo mama yangu akitafsiriwa atayaelewa, kwamba kutumika kwa namba ya siri si ushahidi wa kutosha kwamba mteja ameidhinisha au amezembea. Sheria imeshasema, nanyi semeni.

La mwisho kati ya maombi haya ndilo litakalonionyesha kama haya mengine yalikuwa kwa ajili yetu. Benki inayoamini namba ya siri inamlinda mteja haitaona tabu kuahidi kutoitumia kumnyonga.

Malalamiko ya maandishi nimeshayafikisha kwenye benki yangu, hoja hizi hizi, kwa Kiingereza. Kwa malalamiko ya huduma za malipo ina siku 15 za kazi kunijibu, na 35 ikiwa ina sababu isiyo ya kawaida. Jibu likiwa ni ile barua ya kunishukuru kwa maoni yangu, faili linakwenda Financial Ombudsman Service, ambako mteja halipi hata senti. Wasomaji wenzangu mliokataliwa mbele ya foleni, fanyeni hivyo hivyo: andikeni tarehe, saa, kiasi na maneno yaliyotokea kwenye kioo, na mtaje kama salio lilikuwepo. Lalamiko moja linaweza kufungwa na karani mmoja kabla ya chakula cha mchana. Yakija mengi yenye tarehe na saa, itabidi mmoja wenu mnaosomewa barua hii ashuke kuyatazama.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu mtiifu,

Mteja mwenye kadi ya plastiki, Leicester